Kufupisha Bila Kupunja: Namna ya Kuonyesha Vipimo vya Kasi kwenye Chati

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema ni za Allah, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.

Somo la toleo hili ni la maabara. Ndugu wengi wanaofanya miradi ya mwaka wa mwisho, wawe wa uhandisi, fizikia au tiba, siku hizi wanapima kwa kompyuta. Wanaunganisha kihisi, wanafungua programu ya kukusanya vipimo, na chati inaanza kutembea kwenye skrini. Wanaipiga picha, wanaibandika kwenye ripoti na kuandika chini yake: "Kama inavyoonekana kwenye chati." Katika miaka niliyosaidia maabarani nimeona kwamba swali moja haliulizwi: je, chati imeonyesha kilichopimwa, au imeonyesha sehemu yake tu na kuficha iliyobaki?

Swali hili linatuhusu mara mbili. Linatuhusu kama wanafunzi wa sayansi, na linatuhusu kama Waislamu. Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu imepewa jina la watu wanaopunja vipimo. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwepo muhtasibu, aliyepita sokoni kukagua mizani na vibaba vya wafanyabiashara. Mwaka 1121 mwanachuoni al-Khazini wa Marw aliandika kitabu kizima juu ya mizani, akakiita Mizani ya Hekima, na humo alieleza jinsi ya kupima uzito kwa uangalifu mkubwa na kutambua madini halisi na yaliyochanganywa. Kwa hiyo kipimo kwetu ni amana. Na chati ni ulimi wa kipimo.

1. Sampuli nyingi, pikseli chache

Tuanze na hesabu. Kompyuta haioni wimbi kama tunavyolichora ubaoni kwa mkono. Inasoma thamani moja, inasubiri kidogo, inasoma nyingine. Kila usomaji tunauita sampuli. Ukipima umeme wa ukutani kwa sampuli 10,000 kila sekunde, na umeme wetu hapa Uganda una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mzunguko unapata sampuli 200. Hizo zinatosha kabisa kulichora wimbi lile vizuri.

Shida inakuja kwenye skrini. Skrini ya kawaida ya kompyuta ina pikseli 1,920 kwa upana. Ukiondoa kingo, vitufe na maandishi, chati inabaki na pikseli 1,200 hivi. Tuseme unataka kuona sekunde 24 kwa pamoja. Sekunde 24 mara 10,000 ni sampuli 240,000. Gawa kwa 1,200: kila safu moja ya pikseli inatakiwa kubeba sampuli 200.

Hapa hakuna ujanja. Huwezi kutia mikungu 200 ya ndizi kwenye kikapu cha mkungu mmoja. Lazima programu ifupishe. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: imefupisha kwa njia gani, na imeacha nini? Zipo njia tatu ambazo mwanafunzi atakutana nazo mara kwa mara.

2. Njia ya kuruka

Njia ya kwanza ni rahisi kuliko zote. Programu inachukua sampuli ya kwanza, inaruka 199, inachukua ya 201, inaruka tena, na kuendelea. Sampuli 240,000 zinakuwa 1,200, moja kwa kila safu. Mchoro unatoka haraka na kompyuta haichoki.

Sasa tazama kilichotokea. Mzunguko mmoja wa umeme una sampuli 200, nasi tunachukua moja katika kila 200. Maana yake kila mara tunalikuta wimbi mahali palepale. Kama mara ya kwanza tulilikuta kileleni, tutalikuta kileleni siku zote. Kama tulilikuta likivuka sifuri, tutaliona sifuri siku zote. Umeme unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde unaonekana kwenye chati kama mstari ulionyooka! Mtu asiyejua atasema huo ni umeme wa betri.

Tena umeme wetu hausimami kwenye 50 kamili. Ukishuka hadi mizunguko 49.9, kila sampuli tunayochukua itaangukia nyuma kidogo ya ile iliyotangulia, na chati itachora wimbi pole linalochukua sekunde 10 kupanda na kushuka. Wimbi hilo halipo kwenye waya wala popote duniani. Limezaliwa kwenye skrini. Tuliite wimbi la uwongo.

Jambo hili lina kanuni yake. Harry Nyquist, mhandisi aliyezaliwa Sweden, aliandika mwaka 1928 kuhusu mipaka ya kupeleka ishara kwa simu za maandishi, na mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani akaiweka kanuni ya sampuli wazi: ili usipoteze wimbi, kasi ya sampuli lazima izidi mara mbili ya masafa makubwa yaliyomo ndani yake. Ndiyo sababu muziki wa CD hurekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu husikia hadi mizunguko 20,000 hivi.

Wanafunzi wengi wanaijua kanuni hii na wanaitimiza wakati wa kupima. Wanachosahau ni kwamba chati inayoruka inapima upya. Ulipima kwa sampuli 10,000, lakini unachoona kimepimwa kwa sampuli 50 kwa sekunde. Kanuni uliyoitimiza kwenye waya umeivunja kwenye skrini.

3. Njia ya wastani

Ndugu mwingine atasema, "Basi tusiruke. Tuchukue sampuli zote 200 za kila safu, tupige wastani, tuchore wastani huo." Kwa haraka inaonekana ni haki, maana kila sampuli imehesabiwa na hakuna iliyotupwa.

Lakini jaribu kwa umeme uleule. Katika mzunguko mmoja nusu ya wimbi iko juu ya sifuri na nusu iko chini. Jumla yake ni sifuri, na wastani ni sifuri. Chati itachora mstari ulionyooka kwenye sifuri, kana kwamba swichi imezimwa. Waya una volti 240, mwenye kuushika anaweza kufa, na chati inasema hakuna kitu.

Chukua tena mfano wa mruko wa ghafla. Tuseme mota kubwa imezimwa jirani, na kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde voltiji imeruka kwa volti 600 juu ya kawaida. Mruko huo una sampuli 10 tu. Kwa njia ya kuruka, uwezekano wa kuuona ni 10 kwa 200, yaani mara moja katika mara 20. Kwa njia ya wastani utaonekana kila mara, lakini 600 mara 10 gawa kwa 200 ni 30. Mruko wa volti 600 unaotosha kuunguza kifaa umekuwa kinundu cha volti 30 ambacho hakuna atakayekijali.

Nisieleweke vibaya. Wastani una mahali pake. Ukipima joto la chumba, ambalo hubadilika polepole, na kihisi chako kina kelele, wastani unasafisha kelele na kukuonyesha joto lenyewe. Vilevile ukitaka nguvu ya umeme, unazidisha kila sampuli kwa yenyewe, unapiga wastani wa majibu, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Hapo ndipo inapopatikana ile 240 inayosomwa na mita ya fundi. Lakini hiyo ni namba inayojibu swali jingine. Ukiulizwa kilele kilifika wapi, wastani si shahidi wa kuaminiwa.

4. Njia ya kima cha chini na kima cha juu

Njia ya tatu ndiyo ninayotaka uondoke nayo. Kwa kila safu ya pikseli, tazama sampuli zote 200, utafute iliyo ndogo kuliko zote na iliyo kubwa kuliko zote, kisha uchore mstari wima kutoka ile ndogo hadi ile kubwa. Basi.

Kwa umeme wetu, kila safu itakuwa na mstari kutoka volti 339 chini ya sifuri hadi volti 339 juu yake, kwa sababu kilele cha umeme wa volti 240 ni 240 mara 1.414. Mistari 1,200 ikisimama pamoja inakuwa mkanda mnene uliojaa rangi. Huoni mzunguko mmojammoja, na hiyo ni kweli, kwani mizunguko 1,200 haiwezi kuonekana mmojammoja kwenye pikseli 1,200. Lakini unaona mpaka wa juu na wa chini bila kupunguzwa. Na ule mruko wa volti 600, hata ukiwa na sampuli moja tu, utachomoza juu ya mkanda kama mnara wa msikiti juu ya mapaa ya mji.

Gharama yake ni ndogo. Badala ya nukta 240,000 unachora nukta 2,400. Oskiloskopu za kidijiti zina hali maalumu ya kukamata vilele inayofanya kazi kwa wazo hilihili. Wapo walioongeza thamani mbili zaidi kwa kila safu, ya kwanza na ya mwisho, ili mistari iungane sawasawa kutoka safu hadi safu. Njia hiyo ya thamani nne iliitwa M4 na ilitolewa mwaka 2014. Na mwaka 2013 Sveinn Steinarsson wa Chuo Kikuu cha Iceland alieleza njia nyingine inayochagua nukta kwa kupima ukubwa wa pembetatu, ili umbo la mchoro libaki zuri kwa macho. Ni njia nzuri, lakini kumbuka kwamba lengo lake ni umbo. Haikuahidi kwamba kila kilele kitabaki.

5. Wanazuoni wa hadithi walivyofupisha

Suala la kufupisha bila kuharibu si geni kwetu. Wanazuoni wa hadithi walilijadili karne nyingi kabla ya kompyuta: je, inajuzu kwa mpokezi kusimulia sehemu ya hadithi na kuacha nyingine? Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, yaani 1245, alilitaja katika kitabu chake cha elimu ya hadithi. Walikhitilafiana, na kauli aliyoiona kuwa sahihi ni ya kuweka sharti: inajuzu kwa mwenye elimu na anayejua anachokiacha, iwapo kilichoachwa kinajitegemea na kukiacha hakubadilishi maana ya kilichobaki. Lakini kuacha neno la kuvua, yaani "isipokuwa", au kuacha sharti lililofungamana na hukumu, hakujuzu, kwa sababu hapo umegeuza dini.

Kila mmoja wetu anaujua mfano wa madrasa. Msomaji akisimama kwenye aya ya nne ya Suratul-Maun bila kuendelea na ya tano, msikilizaji atadhani wanaosali wote wameahidiwa adhabu. Hakuna herufi ya uwongo aliyoitamka. Alichokosea ni mahali pa kukata.

Sasa rudi kwenye chati. Kilele cha ghafla ndicho "isipokuwa" ya vipimo vyako. Dakika tisa na sekunde hamsini na tisa mambo yalikuwa sawa, isipokuwa kwa sekunde moja. Programu inayoruka au inayopiga wastani inaiacha "isipokuwa" hiyo, na kila nukta iliyobaki kwenye chati ni ya kweli, lakini maana ni ya uwongo. Njia ya kima cha chini na cha juu imefupisha kwa sharti la wanazuoni: imeacha kinachofanana na kilichobaki, imehifadhi kinachobadilisha hukumu.

6. Mfano: pampu ya kisima cha msikiti

Nitoe mfano ulio karibu nasi. Kamati ya msikiti mmoja ilikuwa na kisima chenye pampu ya umeme, na kwa sababu umeme hukatika ilitaka kununua jenereta kwa fedha za waqfu. Walishauriwa jenereta ya kVA 3, kwa hoja kwamba pampu inapofanya kazi inakula ampea 10, na 10 mara 240 ni 2,400 tu. Wakaiomba jumuiya yetu ipime kabla hawajalipa.

Tulifunga kibanio cha kupimia mkondo kwenye waya mmoja wa pampu, tukarekodi dakika 10 kwa sampuli 10,000 kila sekunde. Faili ikawa na sampuli 6,000,000. Kisha tukaichora faili hiyohiyo kwa njia mbili ili kamati ione tofauti kwa macho yake. Katika chati ya pikseli 1,200, kila safu ilibeba nusu sekunde, yaani sampuli 5,000.

Chati ya kuruka ilionyesha sifuri kabla pampu haijawashwa, kisha mawimbi mapole yasiyovuka ampea 14. Hakuna cha kutisha. Chati ya kima cha chini na cha juu ilionyesha mkanda wa ampea 14 juu na 14 chini, lakini mwanzoni mwake ulisimama mstari mmoja mwembamba uliofika karibu na ampea 70. Tulipokuza sehemu hiyo peke yake, ikaonekana mizunguko kama 15 mikubwa, kisha mkondo ukatulia. Ndio mwanzo wa mota. Mota ya aina hii, ikiwashwa moja kwa moja, hula mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida mpaka ichanganye mwendo, na hii ilichukua sehemu tatu za kumi za sekunde.

Piga hesabu. Kilele cha 70 gawa kwa 1.414 ni ampea 50 hivi kwa kipimo cha mita. Mara 240, ni kVA 12. Jenereta inaweza kuvumilia mzigo wa ghafla kidogo, lakini si mara nne ya uwezo wake. Ingenunuliwa, ingezimika au kushindwa kuiwasha pampu, na waqfu ungekuwa umenunua chuma cha kukaa uani. Kamati iliahirisha ununuzi na kumwita fundi wa mota kulinganisha njia mbili: jenereta kubwa zaidi, au kubadilisha namna pampu inavyowashwa.

Angalia kwamba mwanzo huo ulidumu sehemu tatu za kumi za sekunde, na programu ya kuruka ilichukua sampuli moja kila sehemu tano za kumi. Kwa hiyo katika kila kuwasha mara tano, mara mbili hivi mwanzo wote utaangukia katikati ya sampuli mbili na usionekane kabisa. Na hizo mara tatu utakapoonekana, utaonekana kwa thamani yoyote, si kwa kilele chake. Fedha za waislamu haziamuliwi kwa bahati nasibu.

7. Kuipanga programu yako

Ukiandika programu mwenyewe, shika kanuni hizi.

Kwanza, tenganisha kusoma na kuchora. Anayeanza huandika kitanzi kimoja: soma sampuli, ichore, rudia. Kwa sampuli 10,000 anaitaka kompyuta ichore mara 10,000 kwa sekunde, wakati skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 tu. Kompyuta inachelewa, sampuli zinarundikana kwenye bafa ya kifaa, bafa inajaa, na mpya zinapotea. Weka kazi mbili sambamba. Ya kwanza inasoma kwa mafungu na kuyahifadhi, nayo haimsubiri mtu. Ya pili inachukua kilichopo na kukichora mara 10 hadi 30 kwa sekunde. Mfano wake ni mpishi na mpakuaji: mpishi hasimami jikoni akingoja kila sahani irudi. Kwa kasi ya 10,000, fungu la sampuli 1,000, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, ni mwanzo mzuri.

Pili, fupisha chati, usifupishe faili. Sampuli ya baiti mbili kwa kasi ya 10,000 ni baiti 20,000 kwa sekunde, na saa nzima ni megabaiti 72. Flashi ya kawaida inabeba siku nyingi za vipimo. Chati ukiikosea utaichora tena. Sampuli uliyoitupa hairudi.

Tatu, ijue zana yako. LabVIEW, iliyotoka mwaka 1986, ina chati inayokumbuka nukta 1,024 usipoibadilisha. Kwa kasi yetu hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya sekunde, nawe unadhani unaona dakika nzima. Kwa wanaotumia Python, PyQtGraph inakupa uchague mwenyewe kati ya kuruka, wastani na vilele. Chagua vilele.

Nne, wenye Arduino Uno wawe macho zaidi. Ubao ule unaweza kusoma karibu mara 10,000 kwa sekunde, lakini ukituma kila namba kwa maandishi kupitia waya kwa kasi ya 9,600, zinapita herufi 960 hivi kwa sekunde. Namba ya tarakimu nne pamoja na alama mbili za mwisho wa mstari ni herufi sita, hivyo zinafika namba 160 tu. Kwa umeme wa mizunguko 50 hizo ni sampuli tatu na kidogo kwa mzunguko, na kilele kinaweza kuonekana kikiwa zaidi kidogo ya nusu ya kilivyo. Hapo hata chati bora haitakusaidia, maana kilichopotea kimepotea kabla ya kufika. Ongeza kasi ya waya, au mwachie ubao wenyewe utafute kima cha chini na cha juu, kisha utume hivyo viwili tu.

Na tahadhari ya uhai: usiunganishe umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye ubao wala kompyuta. Tumia transfoma ndogo au kibanio kinachotenga, na mwalimu wa maabara awepo. Kulinda nafsi kunatangulia mradi.

8. Chati ijieleze

Mtu anayesoma ripoti yako hakuwepo ulipopima. Muhurumie. Chini ya kila chati andika mambo manne: kasi ya sampuli wakati wa kupima, muda wote unaoonyeshwa, njia ya ufupisho iliyotumika, na mahali faili kamili ilipo. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano: "Sampuli 10,000 kwa sekunde, dakika 10, kima cha chini na cha juu kwa kila safu, faili kamili ipo maabara." Huo ni kama isnadi ya chati yako. Anayetaka kuhakiki ataujua mlolongo mzima kutoka kwenye waya hadi kwenye karatasi.

Na kila mara toa chati mbili: moja ya muda wote, na nyingine ya kipande ulichokikuza ambapo jambo lilitokea. Ya kwanza inasema lini, ya pili inasema vipi.

Maswali ya kujipima

1. Unapima umeme wa mizunguko 50 kwa sampuli 20,000 kwa sekunde, na unaonyesha sekunde 30 kwenye chati ya pikseli 1,000. Kila safu inabeba sampuli ngapi? Kwa njia ya kuruka, wimbi litaonekanaje?

2. Ndugu yako wa tiba anarekodi mapigo ya moyo na anataka kuona saa nzima kwa pamoja. Kwa nini wastani unaweza kumficha daktari pigo moja lisilo la kawaida?

3. Taja kipimo kimoja ambacho wastani ndio unaofaa, na ueleze sababu.

4. Fungua chati ya mradi wako wa sasa. Je, unajua programu yako inafupisha kwa njia ipi? Kama hujui, tengeneza faili yenye sampuli 240,000 za sifuri na moja tu yenye thamani ya 100, uichore, utazame kama ile moja inaonekana. Irudie ukiihamisha mahali tofauti. Jaribio hili halizidi dakika tano, na litakuambia kama chati yako ni shahidi mwadilifu.

Ndugu zangu, wengi wetu tutaondoka hapa kwenda kupima maji, dawa, umeme, majengo na miili ya watu. Watu hawatazisoma sampuli zetu milioni sita. Watatazama picha moja na kuamua. Tuhakikishe picha hiyo haikupunguza kilicho chao.

Namuomba Allah atupe elimu yenye manufaa na atujaalie kuwa watekelezaji wa amana. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.